Kampeni nchini Congo: feza haina kikomo, mdomo unacho

Tarehe 19 mwezi wa 11 mwaka 2023, asubuhi na mapema, kuta za miji ya mashariki ya Congo zilibadilika sura. Kutoka Uvira mpaka Bunia, pale ambapo jana yake kulikuwa tangazo la shule au la mganga wa kienyeji, sasa kulikuwa picha za wagombea: namba, jina, tabasamu. Wamotari walipewa bendera za kufunga nyuma ya pikipiki pamoja na mafuta kidogo ya kuzunguka mji. Akina mama wa soko walipewa vitenge vyenye sura ya mtu ambaye wengi wao hawakuwa wamemuona hata siku moja. Kampeni ilikuwa imefunguliwa rasmi, mpaka tarehe 18 mwezi wa 12 saa sita usiku, saa 24 mbele ya siku ya kura.

Katika siku hizo 30, swali moja lilirudi kila mara, kwenye malewa, kwenye parking za teksi na kwenye viwanja vya makanisa: feza hizi zinatoka wapi? Hakuna mgombea aliyelijibu. Na jambo ambalo wachaguzi wengi hawalijui ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kuwajibu. Sheria ya uchaguzi ya Congo, ile namba 06/006 ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2006, imekwisha kurekebishwa mara nne, mwaka 2011, 2015, 2017 na 2022. Katika marekebisho yote hayo, wabunge hawakuweka kiwango cha juu cha feza ambazo mgombea anaweza kutumia. Mwenye dola 500 na mwenye dola milioni 5 wanatazamwa kwa jicho moja.

Mdomo, huo umewekewa sheria nyingi. Kuna sheria ya mwaka 1963, ya mwaka 1966, ya mwaka 2011, na mbili za mwaka 2023. Kuna baraza la kusimamia radio na televisheni, kuna tribinali za kiraia na za kijeshi, na kuna maamuzi ya mameya na magavana yanayotoka usiku na kutumika asubuhi.

Nchi nyingine zimejadili jambo hili kwa namna zao. Nchini Marekani, mahakama kuu ilisema mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, kwamba kumzuia mgombea asitumie feza ni kumzuia asiseme. Ndiyo maana huko matumizi yake hayana kikomo. Lakini mchango anaopewa na mtu mmoja mmoja una kikomo, na jina la mtoaji linatangazwa. Ufaransa ilifuata njia nyingine: matumizi yenyewe yana kiwango cha juu, na Raisi wa zamani Nicolas Sarkozy alihukumiwa kwa sababu kampeni yake ya mwaka 2012 ilivuka kiwango hicho. Congo haikufuata hata moja kati ya njia hizo mbili. Iliacha feza ijitembeze yenyewe, ikabaki kuchunga maneno.

Mlango wa kuingilia

Pahali pamoja tu ndipo sheria inamuuliza mgombea feza kwa sauti ya wazi: mlangoni. Ni dhamana, ile ambayo kila mtu anaiita caution. Mwaka 2006, kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, mgombea wa uraisi alilipa franka zenye thamani ya dola 50,000, na mgombea wa ubunge wa taifa dola 250. Pamoja na hayo, watu 33 waligombea uraisi.

Baadaye bei ilipanda. Kwa uchaguzi wa mwaka 2018 na ule wa mwaka 2023, mtu anayetaka kiti cha Raisi alitakiwa kuweka franka milioni 160 kwenye hazina ya Serikali. Mbunge wa taifa, franka 1,600,000. Feza hizo hazirudishwi, hata kwa yule aliyeshinda.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Mwaka 2018, franka milioni 160 zilikuwa karibu dola 100,000. Mwaka 2023, dola moja ilipokuwa imefika karibu franka 2,500, milioni 160 zile zile zilikuwa zimekwisha kushuka mpaka dola 64,000 hivi. Mlango ulifunguka kwa zaidi ya theluthi moja bila mbunge yeyote kunyosha mkono. Franka yenyewe ndiyo iliyorekebisha sheria.

Lakini kwa mwalimu wa Walungu au muuguzi wa Mambasa anayetaka kugombea ubunge, franka 1,600,000 bado ni mshahara wa miezi mingi. Na hiyo ni tiketi ya kuingia tu. Haijalipa picha, haijalipa mafuta, haijalipa spika, haijalipa mashahidi wa kukaa katika kila ofisi ya kura mpaka usiku. Mashahidi hao ni muhimu kuliko tisheti, kwa maana wao ndio wanaorudi na nakala ya hesabu, na bila nakala hiyo hakuna la kwenda kusema mbele ya Mahakama ya Katiba. Mgombea wa uraisi anayetaka shahidi katika kila ofisi ya kura anahitaji makumi ya maelfu ya watu, na kila mmoja anataka chakula na feza ya safari. Katika nchi yenye barabara kama zetu, ni wagombea wachache sana wanaoweza.

Sheria ya mwaka 2022 ilileta jambo moja jipya: orodha yenye wanawake angalau nusu haitozwi dhamana. Lilikuwa wazo zuri, nalo lilifanya vyama vikimbie kutafuta majina ya wanawake siku za mwisho mbele ya kufungwa kwa ofisi za CENI. Wengine walikuwa wanasiasa wa kweli waliongoja nafasi kwa miaka. Wengine walikuwa shemeji, binti wa mjomba, katibu wa ofisi. Orodha iliokoa feza ya dhamana, kisha katika kampeni kila mmoja akaachiwa kujitafutia, na anayekosa feza ya tisheti hata jina lake halijulikani kwenye kata yake mwenyewe. Baada ya hesabu, wanawake wangali wachache sana ndani ya Baraza la wabunge.

Asilimia moja inayopanga kila kitu

Ukiuliza kwa nini mgombea anayependwa sana katika mji wake anakwenda kujificha ndani ya orodha ya kiongozi wa Kinshasa ambaye hawafahamiani, jibu liko katika kile wanachoita kizingiti. Tangu sheria ya mwaka 2017, orodha ya chama au ya muungano wa vyama inapaswa kupata asilimia 1 ya kura zote za nchi nzima ndipo ihesabiwe katika ugawaji wa viti vya Baraza la wabunge. Mwaka 2023, asilimia 1 ilikuwa karibu kura 180,000. Mtu anaweza kuwa wa kwanza Beni au Fizi kwa kura elfu kumi na tano, na asiende bungeni, kwa sababu chama chake hakikupata chochote Kasai wala Bandundu.

Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza sharti lingine: ili orodha zipokelewe, chama au muungano unapaswa kuweka wagombea kwa angalau asilimia 60 ya viti vinavyogombewa. Viti hivyo ni 500. Hesabu ni rahisi: chama kinahitaji wagombea 300. Chama kidogo chenye watu wazuri katika majimbo mawili hakiwezi, kwa hiyo kinaingia ndani ya muungano.

Kusudi lilisemwa waziwazi: kupunguza utitiri wa vyama. Mwaka 2023, orodha ya wizara ya mambo ya ndani ilikuwa na vyama zaidi ya 900. Mamia ya hivyo ni jina, mhuri na simu ya mwanzilishi. Hakuna mkaaji wa Kindu anayeweza kutaja hata 20. Lakini kizingiti hakikuviua, kiliviweka sokoni. Chama chenye karatasi halali kina bei, kwa sababu muungano unakihitaji. Na muungano unaoonekana kwamba utavuka asilimia 1 una bei kubwa zaidi, kwa sababu kila mgombea anataka kupanda humo. Makubaliano hayo hayaandikwi katika gazeti la Serikali. Mwaka 2023, wagombea zaidi ya 25,000 waliomba viti vya ubunge wa taifa. Mwishoni ni orodha 44 tu zilizovuka kizingiti, nyingi zikiwa za kambi ya Raisi Félix Tshisekedi, iliyojigawa katika miungano mingi ili kila mmoja apate mtumbwi wake wa kuvukia.

Sheria ambayo haikutoka kwenye karatasi

Yote hayo yangeweza kuwa na dawa, na dawa iliandikwa zamani. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kipengele cha 6, inasema kwamba vyama vya kisiasa vinaweza kupokea feza za Serikali kwa kampeni au kwa kazi zao, kadiri ya sheria. Sheria hiyo ilikuja miaka miwili baadaye: namba 08/005 ya tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2008. Inataka chama kinachoomba msaada kiwe na akaunti ya benki, kiwe na vitabu vya hesabu, na kijali nafasi ya wanawake katika orodha zake. Anayekula feza ya Leta, aonyeshe hesabu. Ni biashara ya haki.

Miaka imepita, serikali zimebadilika, na msaada huo haujaanza kutolewa kwa vyama kama sheria inavyotaka. Kila mwaka bajeti inajadiliwa, wabunge ambao wote ni watu wa vyama wanainua mikono, na mambo yanabaki palepale. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba Serikali haina feza. Ni sababu yenye uzito katika nchi ambapo walimu wanagoma kila mwaka na wanajeshi wa mstari wa mbele wanalalamikia mishahara. Mwananchi wa kambi ya wakimbizi hatafurahi kusikia kwamba chama fulani cha Gombe kimepewa bilioni.

Lakini kuna upande wa pili ambao viongozi wa vyama hawapendi kuusema hadharani. Msaada wa Serikali unakuja na daftari. Mwanzilishi wa chama ambaye leo ndiye mweka hazina, ndiye mwenye nyumba ambamo ofisi iko, ndiye mwenye gari, ndiye anayelipa kitenge, hatakuwa tena bwana wa kila kitu siku ambayo mkaguzi ataingia na kuuliza risiti. Chama cha Congo, mara nyingi, ni mali ya mtu. Akihama kambi, chama kinahama naye. Akifa, watoto na makamu wake wanakwenda tribinali kugombea mhuri. Michango ya wanachama ipo katika sheria ya vyama ya mwaka 2004, lakini nani analipa? Kadi inatolewa bure, na siku ya mkutano mwanachama ndiye anayedai feza ya usafiri. Mchango wa kweli unatoka juu: waziri, mbunge au mkubwa wa kampuni ya Serikali anakatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya chama kilichomweka pale. Kwa maneno mengine, chama ambacho hakina mtu serikalini hakina mapato.

Hapo ndipo inaeleweka kwa nini vyama vinavyoshindwa uchaguzi havidumu katika upinzani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2018, kambi ya Joseph Kabila, FCC, ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 juu ya 500. Mwisho wa mwaka 2020 ndoa yake na Tshisekedi ilivunjika, na mwanzoni mwa mwaka 2021 wengi wa wabunge wale wale walikuwa wamekwisha kuingia katika Union sacrée. Watu waliwaita wasaliti. Labda walikuwa hivyo. Lakini pia walikuwa watu wenye madeni ya kampeni.

Mali ya Leta

Kuna kipengele kimoja katika sheria ya uchaguzi ambacho kinagusa feza moja kwa moja. Ni cha 36. Kinakataza kutumia katika kampeni mali, feza na wafanyakazi wa Serikali, wa mashirika yake na wa kampuni ambamo Serikali ina hisa. Adhabu ni kubwa: mgombea anafutwa, au orodha yake yote.

Kila mkaaji aliye na macho anajua namna kipengele hicho kinavyoheshimiwa. Gari la ofisi linatolewa namba. Barabara iliyolala miaka mitano inaanza kutiwa udongo mwekundu mwezi wa 10 au wa 11. Waziri anakuja kwa kazi ya Serikali, na bahati yake, kazi hiyo iko katika eneo lake la uchaguzi. Ni vigumu kuthibitisha, na anayepaswa kuleta ushahidi ni mpinzani ambaye hana hata feza ya mwanasheria.

CENI iliwahi kuonyesha kwamba inaweza kufuta. Tarehe 5 mwezi wa 1 mwaka 2024, tume hiyo inayoongozwa na Denis Kadima ilitangaza kufuta kura za wagombea 82, wakiwemo mawaziri na magavana, na kufuta uchaguzi wa wabunge katika Masimanimba na Yakoma. Ilikuwa siku ya mshangao. Lakini makosa waliyoshtakiwa yalikuwa udanganyifu, rushwa, uharibifu wa vifaa, na kushika mashine za kura nyumbani. Lile la kwanza kabisa, yaani feza zilizowafikisha pale, halikuwa katika swali.

Na mdomo je?

Katiba ni ya ukarimu. Kipengele cha 23 kinatoa uhuru wa kusema, cha 25 uhuru wa kukutana kwa amani bila silaha, na cha 26 uhuru wa kuandamana. Kwa maandamano, kinachotakiwa ni barua ya kumjulisha mkubwa wa pahali. Kujulisha, si kuomba. Tofauti ya maneno hayo mawili imekwisha kupeleka vijana wengi katika kachot. Meya anapokea barua ya kumjulisha, anaisoma kama barua ya kuomba, na anajibu kwamba hakuruhusu. Sheria inayopaswa kueleza vizuri namna kipengele hicho kinavyotumika, na hivyo kumfunga meya pamoja na mwandamanaji, imejadiliwa bungeni lakini haijafika mwisho wa safari.

Wakati wa kampeni, mikutano inapaswa kuwa huru zaidi. Mwaka 2018 haikuwa hivyo. Msafara wa Martin Fayulu ulizuiwa na polisi Lubumbashi na Kalemie, na tarehe 19 mwezi wa 12, siku ambayo alingojewa Kinshasa, gavana wa mji mkuu alisimamisha kampeni zote mjini humo kwa sababu za usalama. Siku iliyofuata kura, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu. Wagombea waliokuwa na helikopta na televisheni zao walikuwa wamekwisha kusema yote waliyotaka.

Kisha kuna maneno yenyewe. Ordonansi ya tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1963 inaadhibu kumtukana Mkuu wa nchi. Iliandikwa wakati wa Kasa-Vubu, ikapita kwa Mobutu, kwa Kabila baba, kwa Kabila mtoto, na bado inafanya kazi. Jean-Marc Kabund aliijua vizuri. Alikuwa kiongozi wa muda wa UDPS na makamu wa kwanza wa Baraza la wabunge. Mwezi wa 7 mwaka 2022 alitangaza chama chake mwenyewe kwa hotuba kali dhidi ya Raisi. Mwezi uliofuata alikuwa amefungwa. Mwezi wa 9 mwaka 2023, miezi mitatu mbele ya uchaguzi, mahakama ilimhukumu miaka 7, kwa kumtukana Mkuu wa nchi, kudharau taasisi na kueneza uvumi wa uongo. Alitoka mwanzoni mwa mwaka 2025 kwa msamaha wa Raisi. Maneno yake yalikuwa makali, hakuna anayekataa. Lakini kati ya wagombea wote wa kipindi kile, hakuna anayejulikana kuwa alipata miaka 7 kwa sababu ya namna alivyotumia feza.

Mwaka 2023, mwezi wa 3, Serikali ilileta maandiko mawili mapya: sheria mpya ya vyombo vya habari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, na kodi ya nimerike. Kipengele cha 360 cha kodi hiyo kinamwadhibu anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao: mwezi mmoja mpaka sita gerezani na faini ya franka 500,000 mpaka 1,000,000. Kumbuka neno kupitisha. Mwenye kikundi cha WhatsApp cha kata anayesukuma ujumbe bila kuusoma mpaka mwisho yuko ndani ya sheria hiyo. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka huo, akashtakiwa kwa mambo ya habari za uongo na hati ya kughushi, akahukumiwa miezi sita mwezi wa 3 mwaka 2024. Alikuwa amekwisha kuipitisha gerezani. Uchaguzi wote ulipita akiwa Makala.

Si kila mpaka wa maneno ni mbaya. Hapa mashariki watu wanajua maneno yanaweza kufanya nini. Kuna sheria ya mwaka 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila, na kama kuna sheria ambayo wakaaji wa Minembwe, Bunia au Kisangani wangependa kuisikia ikitumika kwa mgombea, ndiyo hiyo. Mwanasiasa anayesimama juu ya gari na kueleza nani ni Mcongomani wa kweli na nani ni mgeni anaacha nyuma yake majirani ambao watalala na mapanga. Hata hivyo, sheria ya 1966 inasikika mara chache tribinalini kuliko ile ya 1963. Mkuu wa nchi analindwa na walinzi na sheria. Jirani wa Djugu hana walinzi.

Radio, na feza ya usafiri

Pahali ambapo feza na mdomo vinakutana ni studio. Baraza la CSAC, lililoundwa na sheria ya mwaka 2011, linapaswa kuhakikisha kwamba kila mgombea anapata nafasi sawa kwenye vyombo vya Serikali. Kwenye RTNC, hilo ni swali la Kinshasa. Kwa mchaguzi wa Lubero au Shabunda, chombo ni radio ya jamii, yenye antena juu ya kilima, jenereta, na wanahabari wasio na mshahara. Mafuta ya jenereta yakiisha, radio inakaa kimya. Mgombea akileta jerikani mbili, radio inasema, na inasema habari zake. Wanahabari wenyewe wana neno la feza wanayopewa baada ya mkutano: coupage. Wanaitumia kula. Mpinzani asiye na coupage hapigwi marufuku na mtu, hasikiki tu.

CSAC inaonekana zaidi inapofunga. Mwezi wa 4 mwaka 2025, wizara ya mambo ya ndani ilisimamisha kazi za PPRD, chama cha Joseph Kabila, baada ya habari za kufika kwake Goma. Mwezi wa 6, CSAC ilikataza vyombo vya habari kwa siku 90 kutoa habari za chama hicho na kuwapa neno viongozi wake. Mwisho wa mwezi wa 9, mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu Kabila kifo akiwa hayupo. Mtu anaweza kuamini mashtaka yote juu yake, na bado akajiuliza kuhusu mwanachama wa kawaida wa Kongolo au Kindu, mwenye kadi tangu mwaka 2006, ambaye hajawahi kufika Goma: je, yeye pia alikatazwa kusema?

Kivu ya Kaskazini na Ituri

Katika majimbo haya mawili mpaka wa mdomo una sare ya kijeshi. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 yanaongozwa na maofisa wa jeshi na wa polisi, na raia walianza kushtakiwa mbele ya tribinali za kijeshi. Mwezi wa 11 mwaka huo, vijana 12 wa Lucha walikamatwa Beni wakipinga kuongezwa kwa utawala huo. Mwezi wa 4 mwaka 2022 tribinali ya kijeshi iliwapa mwaka mmoja gerezani. Ni mwezi wa 10 mwaka 2023 tu, wiki chache mbele ya kampeni, ambapo Raisi alitangaza kulegeza masharti pole pole. Vyama vilivyokuwa na helikopta viliruka. Vile ambavyo vingehitaji miezi miwili ya kutembea kijiji kwa kijiji, kwa sababu havina kitu kingine, vilikuwa vimekwisha kuipoteza miezi hiyo.

Beni na Butembo zilikuwa zimekwisha kuonja hilo. Mwaka 2018 kura yao ilisogezwa mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati Raisi alikuwa amekwisha kuapa. Tarehe 30 mwezi wa 12, wakaaji wa Beni walipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura ya kwao isiyohesabiwa na mtu.

Kuna pia swali la wafanyabiashara. Katika miji kama Butembo, feza za siasa zingeweza kutoka kwa wenye magari ya mizigo, wa maduka, wa kahawa na kakao. Wapo wanaotoa, lakini usiku na bila risiti. Kama kesho bunge lingeamua kwamba kila mchango utangazwe, kama Marekani, ni lazima lijibu kwanza swali ambalo mfanyabiashara atauliza: nikiandikwa kuwa nimemsaidia mpinzani, nani ataizuia idara ya kodi isifunge depo yangu kesho yake? Sheria nzuri ya feza bila ulinzi wa mdomo ingekuwa orodha ya watu wa kuadhibiwa. Wanaotaka sheria ya kiwango cha juu, na wapo ndani ya mashirika ya raia, huwa wanapita haraka juu ya jambo hilo.

Tangu mwezi wa 1 na wa 2 mwaka 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, muungano unaoongozwa na Corneille Nangaa, yule yule aliyekuwa mkubwa wa CENI mwaka 2018 na aliyepokea dhamana za wagombea. Uchaguzi ujao wa Raisi unangojewa mwaka 2028. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kwamouth pia, upande wa magharibi. Hakuna mgombea aliyekwenda huko na vitenge wala na hotuba. Viti vya maeneo hayo ndani ya Palais du Peuple havijapata watu wa kuvikalia mpaka leo.